Siku ya Kuandika Nayo Iingie kwenye Ratiba

Mhadhiri wa chuo kikuu hapandi cheo kwa kuhudhuria vikao. Anayetaka kuwa mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kisha profesa, huulizwa amechapisha nini. Lakini itazame ratiba yake ya wiki: vipindi vimo, semina zimo, vikao vya idara na vya kamati vimo. Kusoma na kuandika havimo. Hayo yameachiwa usiku na likizo, na likizo yenyewe imejaa mitihani ya kusahihisha na tasnifu za wanafunzi wa uzamili.

Sivipingi vikao. Mtaala haupitiwi na mtu mmoja, na matokeo ya mitihani lazima idara iyajadili kabla hayajapelekwa juu. Tatizo ni namna kikao kinavyoikata siku. Kimeitishwa saa nne asubuhi, kinaanza saa nne na nusu huku akidi ikitafutwa kwa simu. Mkimaliza muhtasari wa kikao kilichopita na yatokanayo, ni adhuhuri, na bado mengineyo. Kabla ya saa nne hukuanza jambo zito kwa kuwa ulijua utaondoka. Saa nane una kipindi. Kwenye karatasi kikao kimechukua saa mbili, kumbe kimeondoka na siku nzima.

Kuandika hakukubali vipande vya namna hiyo. Hoja uliyoiacha jana huna budi kuirudia, usome tena ulichonukuu, ukumbuke kwa nini uliyakataa maelezo ya fulani, ndipo sentensi mpya ije. Mwandishi anayepewa saa moja moja ni sawa na mpishi anayezima moto kila maji yanapokaribia kuchemka.

Kusoma ndiko kunakoumia zaidi, maana hakuhesabiwi kuwa kazi. Mwenzako akikukuta ofisini umefungua kitabu, huvuta kiti akaanza mazungumzo. Akikukuta unajaza fomu, huomba radhi na kuahidi kurudi baadaye. Ndiyo maana orodha za vitabu vya kozi hukaa miaka bila kuongezwa kitu, na wanafunzi wanaliona hilo, hata kama hawalisemi mbele yetu.

Walter Rodney alikuwa akifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokiandika kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972. Katika dibaji aliwashukuru Karim Hirji na Henry Mapolu, wa chuo hicho hicho, kwa kuusoma mswada wake kwa nia ya kuukosoa na kuujenga. Shukrani hiyo fupi inanigusa kila ninapoisoma. Sisi leo tunajuana vizuri vikaoni, lakini ni wangapi tumesoma rasimu ya jirani wa ofisi kabla haijatumwa kwenye jarida? Mara nyingi tunakutana na makala za mwenzetu siku anapoomba kupandishwa cheo, tena tukizihesabu, si kuzisoma.

Ninachopendekeza hakihitaji Seneti wala bajeti. Mkuu wa idara atenge siku moja, tuseme Jumatano, isiyo na kikao. Asubuhi kila mtu akae na kazi yake, mlango umefungwa. Alasiri mmoja wetu alete rasimu ambayo wengine wamekwisha kuisoma, tuijadili kwa uwazi na heshima. Taarifa nyingi zinazosomwa kwa sauti vikaoni zingeweza kutumwa kwa barua pepe, na hapo tungepata sehemu ya muda huo.

Najua jibu litakalotolewa: wanafunzi ni wengi, kumbi za mihadhara hazitoshi, Jumatano imeshajaa. Ni kweli, na kwa idara zenye madarasa makubwa ianze nusu siku. Ila hata hiyo nusu isianze na maprofesa. Ianze na wahadhiri wasaidizi, ambao ndio wanaobeba semina, kusimamia mitihani na kuandika mihtasari ya vikao, huku wakitakiwa kumaliza shahada ya uzamivu kwa muda uliopangwa.