Kishikwambi Kimoja, Mashabiki Wanne

Muhula uliopita mwenzangu alirudi kutoka semina mjini Kisumu na orodha ya programu kumi na mbili za kufundishia. Akatusomea moja moja ofisini, sisi tukinywa chai. Mimi niliuliza jambo moja tu: mtoto atashika nini mkononi? Shule yetu iko upande wa Nyamasaria, wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, na darasa langu lina watoto 52.

Sisemi programu hizo hazina faida kabisa. Kahoot, programu ya mashindano ya maswali iliyobuniwa Norway na kuzinduliwa mwaka wa 2013, huamsha darasa la saa nane mchana, na saa nane chini ya bati la Kisumu si mchezo. Ila alama zake zinafuata mbio: ukijibu sawa na kwa haraka unapata hadi 1000, ukifikiria kwanza unapungukiwa. Niliijaribu kwa vishikwambi vya kuazima, watoto watano kwa kimoja. Aliyekishika alijibu, wanne wakawa mashabiki. Kelele zilikuwa tamu, lakini sikujua nani ameelewa.

Plickers ndiyo iliyonivutia, na sikuitarajia. Mtoto hana kifaa chochote, ana kadi tu ya karatasi yenye mchoro mweusi, nayo ina pande nne: A, B, C na D. Anaigeuza ili herufi ya jibu lake ikae juu, nami napitisha kamera ya simu yangu darasani. Majibu yanajipanga kwenye kioo, jina kwa jina. Kwa kuwa kila kadi ina mchoro wake, kuchungulia ya jirani hakumsaidii mtu. Kadi nilizichapisha saiba, nikazibandika kwenye vipande vya maboksi ili zisikunjike.

Siku ya kwanza niliuliza ipi kubwa, 3/8 au 2/5. Kubwa ni 2/5, lakini zaidi ya nusu walichagua 3/8, kwa kuwa 3 inapita 2 na 8 inapita 5. Dakika kumi kabla ya hapo nilikuwa nimewauliza, "Mmeelewa?" wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!"

Lakini bando ni la nani? Ni langu, kama lilivyo la kundi la WhatsApp la wazazi na la kupakia alama. Ukimsifu mwalimu kwa ubunifu huku analipa mwenyewe, umemtoza ushuru kwa jina zuri. Ndiyo maana napenda zaidi kitu kinachopakuliwa mara moja kikabaki. Majaribio ya sayansi ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, unaweza kuyahifadhi ukayatumia bila intaneti. Mtoto anaunganisha betri, waya na balbu kwenye kioo, anaona mkondo ukitembea, kitu ambacho waya halisi hauonyeshi.

Hata hivyo, kuna kijana ambaye mjomba wake ni fundi wa umeme mtaani Kondele. Alitazama kidogo, akauliza, "Mwalimu, na waya unabanduliwa wapi?" Alikuwa na haki. Kwenye kioo hakuna plastiki ya kubandua, wala betri ya redio iliyochoka inayokufanya ulaumu balbu. Siku hizi naanza na betri na balbu za tochi, kioo kinafuata. Nikibadilisha mpangilio huo, wengi wanajifunza kubonyeza tu.

Na yote haya yanahitaji simu iliyochajiwa. Tangu 2016 serikali ilipoanza kupeleka vishikwambi kwa darasa la kwanza, nimefundisha shule ambapo vilikaa kabatini kwa kuwa aliyebeba ufunguo aliogopa vikivunjika atalipa yeye. Simlaumu sana.

Orodha ya mwenzangu bado imebandikwa ofisini. Programu mbili zimewekewa alama ya vema. Chini kabisa mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Na stima ikipotea?"