Kiambaza cha San Maurizio na nyumba zetu za Lamu

Ndugu wa nyumbani akija kunitembelea Milano, humpitisha kwanza kanisa la San Maurizio, pale mtaa wa Corso Magenta. Nje ni mawe ya kijivu tu. Ukiingia, kuta zimejaa picha, na mbele, nyuma ya altare, kuna kiambaza. Wengi hudhani kanisa limeishia hapo. Ng'ambo yake kuna ukumbi mwingine, mkubwa zaidi, uliokuwa wa watawa Wabenedikto peke yao.

Ujenzi ulianza mwaka 1503. Watu wa mji walisali upande huu, watawa upande ule. Misa waliisikia kupitia dirisha la wavu wa chuma, na hostia, mkate wa komunyo, walipokelea kwenye kitundu ukutani. Nilikisogelea kitundu kile: ni cha kupitisha mkono wa padri, basi.

Wageni wangu husema, "Jela hii." Mimi mzaliwa wa Lamu neno hilo halinitoki upesi. Nyumba zetu za mawe nazo nje ni ukuta mtupu. Uzuri umewekwa ndani kwa wanawake, kwenye safu za zidaka, vishubaka vya ukutani vya chokaa iliyochongwa. Juu ya vichochoro kuna wikio, kivuko cha kuunga nyumba mbili, wanawake wavuke nyumba hadi nyumba bila kuonekana. San Maurizio vilevile: kinanda cha fundi Antegnati cha mwaka 1554 kiko upande wa watawa, na ndiko mchoraji Aurelio Luini alikochora safina ya Nuhu na wanyama wakiingia wawili wawili.

Sisemi wote waliingia kwa hiari. Mahari huku ilitoka kwa baba wa binti, na matajiri wengi walipeleka mabinti utawani ili mali isigawanyike. Alessandra Bentivoglio alikuwa mtawa pale. Wazazi wake, Alessandro na Ippolita Sforza, wamechorwa na Bernardino Luini, baba yake Aurelio, kwenye kiambaza, upande wa watu, wamepiga magoti. Kila nikiwatazama namfikiria binti yao, hatua chache tu nyuma ya ukuta.

Linaloniuma ni hili. Utawa ule ulivunjwa mwaka 1798, na bado leo kuna watu wa kujitolea wanaokusimulia nani aliishi pale, kwa jina. Mji wetu wa kale umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, wageni wanapiga picha milango, lakini mabibi waliopita kwenye wikio hatukuwaandika. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alifariki sijamuuliza hata wikio lipi lilimfikisha kwa dada yake.

Shangazi yake mama angali hai. Agosti nakwenda kumrekodi.