AEK: nembo ya wakimbizi ni ya nani leo?

Klabu ya michezo ya AEK (kifupi cha Kigiriki cha "Muungano wa Wanamichezo wa Konstantinopoli") ilianzishwa Athens mwaka 1924 na Wagiriki waliotoka Konstantinopoli, yaani Istanbul ya sasa. Mwaka mmoja kabla, Mkataba wa Lausanne ulikuwa umehalalisha kung'olewa makwao kwa Wakristo wa Kiorthodoksi wapatao milioni 1.2 upande wa Uturuki, na Waislamu wanaokaribia 400,000 upande wa Ugiriki. Waliofika Athens hawakupokewa kwa vifijo. Wenyeji waliwaita "mbegu za Waturuki".

Huko Nea Filadelfeia, eneo lililotengwa kwa makazi ya wakimbizi, klabu ilipata kiwanja, na mwaka 1930 ikawa na uwanja wake. Hapo ndipo wanaosema AEK bado ni ya wakimbizi wanapata hoja yao nzito: walioitwa wageni walijenga kitu chao wenyewe, tena kikadumu. Mwaka 1968 timu yake ya kikapu ilitwaa Kombe la Washindi la Ulaya mbele ya watu wapatao 80,000 katika uwanja wa marumaru wa Athens.

Wenye shaka nao wana lao. Uwanja wa zamani ulibomolewa mwaka 2003. Mpya ulifunguliwa mwaka 2022 kwa jina la kampuni ya michezo ya kubahatisha, huku mashabiki wakiuita Agia Sofia, jina la kanisa kuu la kale la Konstantinopoli, na kabla ya hapo wakazi waliopinga ujenzi walikuwa wakitetea msitu mdogo wa mtaa huo. Wanauliza: ukimbizi umebaki nini hapo, zaidi ya jezi za kuuza?

Mimi biashara hainisumbui sana. Klabu isiyo na fedha hufa, na timu ya soka ya AEK yenyewe ilishuka daraja mwaka 2013 ikaanza upya daraja la tatu. Kinachonisumbua ni tai mwenye vichwa viwili kwenye nembo ya klabu, alama ya Bizanti, dola ya kale ya Kikristo iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli. Kwa shabiki mmoja anasema "tulifukuzwa". Kwa mwingine anasema "mji ule ni wetu, tutaurudia". Kauli ya pili inawasahau wale Waislamu 400,000 waliofunga mizigo kwa mkataba huohuo. Kundi la mashabiki la Original 21, linalojulikana kwa msimamo wa kupinga ubaguzi na urafiki wake na mashabiki wa klabu za Livorno ya Italia na Marseille ya Ufaransa, limeisoma nembo hiyo kwa njia ya kwanza. Naona hao ndio walio karibu zaidi na waanzilishi, hata kama babu zao hawakuwahi kuvuka bahari.