Banda la Taifa Venice: Jina Letu, Fedha za Nani?

Mwaka 2015, orodha ya wasanii wa banda la Kenya kwenye Venice Biennale, maonesho makubwa ya sanaa nchini Italia, ilipojulikana, wasanii wa Nairobi waliwaka. Majina mengi yalikuwa ya Wachina. Alikuwamo Mwitaliano mwenye makazi Malindi, na Mkenya mmoja aliyekuwa akiishi Uswisi. Haikuwa mara ya kwanza. Banda la 2013 nalo lilikuwa na wageni wengi kuliko wenyeji, watu wakanung'unika, mambo yakapita. Safari hii hayakupita. Waraka wa kupinga ulisambazwa na kutiwa saini, Michael Soi akachora mfululizo wa picha za kejeli kuhusu aibu hiyo, na serikali, ambayo jina lake ndilo lililokuwa mlangoni, ikalikana banda hadharani.

Kisa hicho si cha Wakenya peke yao. Tanzania iliingia Venice kwa mara ya kwanza mwaka 2024 ikiwa na wasanii wanne, miongoni mwao Haji Chilonga na Lutengano Mwakisopile. Uganda ilitangulia miaka miwili kabla. Kwa hiyo swali la kama nchi zetu zinafaa kwenda kule limetufikia mlangoni, na majibu yanayotolewa, ya kushangilia na ya kubeza, yananiacha bila kuridhika.

Kwanza tuelewe jinsi mambo yanavyokwenda. Biennale hiyo ilianza mwaka 1895 na hufanyika kila baada ya miaka miwili. Kuna onesho kuu linalopangwa na msimamizi mmoja, na kuna mabanda ya mataifa, ambayo kila nchi hujipangia yenyewe. Katika bustani za Giardini kuna mabanda 29 ya kudumu ya mataifa, na kutoka Afrika ni Misri pekee. Waliobaki hukodi ukumbi kwenye maghala ya zamani ya Arsenale au chumba katika jumba fulani la mjini. Mwaka 2024 maonesho yalidumu tangu Aprili 20 hadi Novemba 24. Hesabu mwenyewe pango la miezi saba katika mji ule wa watalii, bima ya kazi, usafirishaji, walinzi, umeme. Gharama hizo ni za nchi husika. Na nchi isiyo na fungu, au iliyo na fungu lakini haioni sababu ya kulitoa kwa ajili ya uchoraji, hujikuta inapokea msaada wa mtu aliye tayari kulipa.

Hapo ndipo Kenya ilipoponzwa. Lawama nyingi ziliwaangukia Wachina, lakini msanii wa Beijing aliyealikwa kuonesha kazi Venice hakumwibia mtu. Tatizo lilianza pale jina la nchi lilipoachwa mikononi mwa watu wa nje wenye mipango yao, bila kamati ya wasanii, bila mwito wa wazi, bila mtu wizarani wa kuuliza nani anaingia na kwa nini. Mwaka 2017 Kenya ilirudi ikiwa na msimamizi wake, Jimmy Ogonga, na wasanii wake, akiwamo Peterson Kamwathi. Hata hivyo fedha zilizoahidiwa na serikali hazikufika kwa wakati, na banda likafunguliwa kwa juhudi za wasanii wenyewe. Yaani kasoro ya majina ilirekebishwa, kasoro ya mfuko ikabaki palepale.

Wanaotetea safari hizi wana hoja nzito, na ushahidi wao uko Kampala. Uganda ilipoingia mara ya kwanza mwaka 2022, Acaye Kerunen na Collin Sekajugo waliliwezesha banda lao kupata tuzo ya kutajwa kwa heshima. Kazi za Kerunen zimefumwa kwa ukindu, magome ya mti na nyuzi za migomba, pamoja na wanawake wasusi wa vijijini ambao soko la kawaida huwahesabu kuwa wauza mikeka. Baada ya Venice, galeri kubwa za Ulaya na Marekani zilimfungulia milango. Angola ilifanya makubwa zaidi mwaka 2013: mara yake ya kwanza kushiriki, ikaondoka na Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya mabanda, kwa picha za Edson Chagas alizopiga mitaani Luanda. Hakuna onesho la Dar es Salaam, Nairobi au Kigali linaloweza kumpa msanii jukwaa la namna hiyo ndani ya wiki moja. Kulikataa kwa sababu ya uzalendo ni kumwadhibu msanii kwa umaskini wa taasisi zetu.

Upande wa pili wanasema msanii akishaonja soko la nje ataanza kuchora anachotaka Mzungu. Hoja hii naiona dhaifu kuliko inavyodhaniwa, hasa inapotoka kwa Mtanzania. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya mbao za dari, na kabla hajauawa mwaka 1972 wanunuzi wake wakuu walikuwa wageni. Warithi wake pale Oysterbay, Dar es Salaam, na wachongaji wa Mwenge, jiji hilohilo, wanaishi kwa mteja yuleyule hadi leo. Sanaa yetu imekuwa ikimtazama mnunuzi wa nje kwa zaidi ya nusu karne, ila mnunuzi huyo ni mtalii anayepunguziwa bei, tena wakati mwingine kazi haina hata jina la aliyeichora. Kama ni kuuza nje, afadhali mahali ambapo jina linaandikwa ukutani na bei haianzi na "shilingi ngapi ya mwisho".

Hoja yao nyingine ndiyo yenye uzito: thamani hukua huko na kubaki huko. Venice yenyewe, rasmi, haiuzi. Ofisi yake ya mauzo ilifungwa baada ya maandamano ya 1968. Mauzo yako kwenye maonesho ya biashara, kama Art Basel ya kila Juni nchini Uswisi, au 1-54, iliyoanzishwa London mwaka 2013 na Touria El Glaoui mahsusi kwa sanaa ya Afrika. Kule, galeri hulipia kibanda iuze isiuze. Galeri ndogo ya Nairobi au Kampala ikishalipa kibanda, tiketi na ada ya viza (ile ya Schengen, ya kuingia Uswisi na nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi hata ukinyimwa), haitabeba kazi ya majaribio ya kijana asiyejulikana. Itabeba turubai za ukubwa wa sebule, za msanii ambaye tayari ana wateja. Hii nadhani ndiyo sababu mtu akizunguka vibanda vingi huona nyuso zilezile, mikao ileile, vitambaa vya rangi vilevile. Wa kulaumiwa ni hesabu ya kibanda zaidi ya msanii.

Chukua mfano wa Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na anayechora juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya mti kutoka Uganda. Novemba 2019 mchoro wake mmoja ulikadiriwa kwenye mnada wa New York kufika dola 70,000 kwa juu kabisa. Ulikwenda kwa takriban dola milioni 1.5. Aliyepata faida hiyo ni aliyekuwa ameununua mapema, kwa kuwa sheria za Marekani hazimpi mchoraji kitu kazi yake inapouzwa tena. Mwaka huohuo Kenya iliingiza katika sheria yake ya hakimiliki asilimia 5 ya bei kwa msanii kila kazi inapouzwa upya kibiashara. Kifungu kizuri, ila minada mikubwa ya kazi za Wakenya haifanyiki Westlands, Nairobi.

Lakini Armitage huyohuyo ndiye aliyeanzisha Nairobi Contemporary Art Institute, kituo cha sanaa jijini Nairobi. Kazi za wakongwe wa Afrika Mashariki, kina Sane Wadu, Jak Katarikawe na Theresa Musoke, zilizooneshwa München na London chini ya jina "Mwili, Akili na Roho", hatimaye ziliwekwa ukutani kwenye kituo hicho mwaka 2022. Wakazi wengi wa jiji lile waliwaona wazee wao kwa pamoja kwa mara ya kwanza, baada ya Wajerumani na Waingereza. Inaudhi, na bado ni faida.

Kuna waliopitia njia nyingine kabisa. Wajukuu, kikundi cha Mukuru, Nairobi, walialikwa kwenye documenta, maonesho ya sanaa ya mji wa Kassel, Ujerumani, mwaka 2022 wakaufunika mlango wa ukumbi wa Wajerumani kwa mabati yenye kutu, na wakaondoka na tuzo ya Arnold Bode. Walikwenda kama kikundi chenye mtaa nyuma yake, bila bendera. Huko Lusanga, magharibi mwa Kongo, wafanyakazi wa mashamba yaliyokuwa ya Unilever huchonga sanamu za udongo ambazo nakala zake hufinyangwa kwa kakao na mawese, na fedha za mauzo huzitumia kununua tena ardhi. Mwaka 2024 walikuwa Venice, tena ndani ya banda la Uholanzi. Na msanii Sammy Baloji wa Lubumbashi, hukohuko Kongo, aliyeshiriki katika banda la Ubelgiji mwaka 2015, alikuwa tayari ameanzisha na wenzake biennale ya mji wao tangu 2008. Watu hawa walikwenda nje wakiwa na kitu nyumbani kinachongoja kulishwa. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati yao na mabanda yetu mengi.

Kwa hiyo mimi si wa upande wa kususa. Ila Tanzania haina jumba la taifa la sanaa ya kisasa, na Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, iliyoanza 2008 na kuwalea wachoraji wengi, imeishi kwa sehemu kubwa kwa fedha za wafadhili. Wizara ikitaka kurudi Venice, itangaze mwito wa wazi mwaka mzima kabla. Itaje kamati kwa majina, na wasanii wawemo. Iseme ni nani analipa pango, na kama ni mfadhili, anapata nini. Na itaje mapema tarehe na ukumbi ambapo kazi hizo zitaoneshwa zikirudi, iwe Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam au Mwanza. Ikishindwa kulijibu hilo la mwisho, fungu hilo lipelekwe Mikocheni.