Chipu ya chaja inajua ukoo, haijui usalama

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha fundi simu karibu na Darajani, hapa Unguja, akaja mama mmoja na chaja mbili. Moja kaletewa na mwanawe kutoka Dubai, nyengine kainunua Mchangani. Maandishi mamoja, alama ya kampuni moja, hata weupe wao mmoja. "Fundi, mwanangu, ipi hapa ndiyo orijino?" Fundi akazipima mkononi, hii kulia, hii kushoto. "Hii nzito kidogo, bi mkubwa. Lakini siwezi kukuapia."

Alisema kweli. Uzito ulikuwa kipimo kizuri zamani. Siku hizi zimeshakutwa pawabanki zilizojazwa mchanga ili zilemee mkono. Macho yameshindwa na mkono umeshindwa, na hapo ndipo wanaotaka kila chaja, waya na betri itiwe chipu ya utambulisho, yaani kidude kidogo cha elektroniki kinachomtaja aliyekitengeneza kifaa, wanapopata hoja: basi vifaa vyenyewe viulizane.

Namna vinavyoulizana inapendeza. Kwetu mgeni hupiga hodi, lakini hodi kila mtu anaijua, mwema na mwizi. Simu haitosheki na hodi. Inatoa namba isiyotabirika, kila mara mpya. Chipu inaichanganya na siri iliyofungiwa ndani yake tangu kiwandani, kisha inarudisha jibu. Siri yenyewe haipiti kwenye waya. Anayetega sikio mlangoni haambulii kitu, na jibu la leo kesho halifai. Apple ilitia chipu ya utambulisho kwenye Lightning, waya wa kuchajia iPhone, mwaka 2012. Mwezi Januari 2019 USB-IF, jumuiya ya kampuni zinazosimamia kiwango cha USB, ikazindua mpango wa vyeti vya kidijitali kwa vifaa vya USB-C, ambapo simu au kompyuta hukagua cheti mara kifaa kinapochomekwa, kabla ya kuruhusu umeme mkubwa au data. Mpango huo ni wa hiari, kiwanda kikitaka kinaufuata, kisipotaka basi.

Wanaoutetea hawatetei upuuzi. Mwaka 2016 UL, maabara ya kupima usalama wa vifaa, ilizipima chaja 400 za iPhone za bandia. Zaidi ya asilimia 99 zilifeli, na 12 katika hizo zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa umeme. Ndani ya chaja mna upande unaopokea umeme wa ukutani, kwetu volti 230, na upande unaopeleka volti 5 kwenye simu. Baina yao panatakiwa pawe na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, na nafasi ya milimita kadhaa. Kwenye feki nyingi nafasi hiyo haifiki hata milimita moja. Nikifikiria nyumba zetu wakati wa masika, kuta zinatota, mtoto amelala na simu inayochaji kifuani, siwezi kumwambia mtu kwamba haya ni mambo ya matajiri.

Lakini hebu tuitazame hatari hiyo iko wapi. Iko kwenye chaja, na chaja iko ukutani. Simu ikishasema "sikutambui", ile chaja bado imo kwenye plagi na volti 230 zimo ndani yake, na aliyeishika ameishika. Chipu haiwezi kupima ile milimita. Inachothibitisha ni nani aliyekitengeneza kifaa, yaani ukoo wake, na ukoo si dhamana. Betri za simu za Galaxy Note 7, zilizoshika moto mwaka huohuo wa 2016, hazikuwa za kuokoteza; zilitoka kwa watengenezaji ambao Samsung yenyewe iliwachagua, na chipu yoyote ingezipigia saluti. Kinyume chake, chaja ya bei nafuu ya kiwanda kisicho na jina, iliyotengenezwa kwa uaminifu na ikafaulu kila kipimo, itafukuzwa kama mgeni.

Na kuna wanaofukuzwa wakiwa wa nyumbani. Laptopu yangu ilikuja na adapta yake ndani ya boksi. Siku moja ikakataa kuchaji betri, ikadai adapta haijulikani. Fundi alipoipasua shingo ya waya akakuta uzi mwembamba wa utambulisho umekatika. Zile nyaya za umeme zilikuwa nzima kabisa. Kwa mtu wa mjini hilo ni usumbufu wa siku mbili. Kwa mwalimu wa skuli Micheweni, Pemba, ni kusubiri adapta ije na boti kutoka Unguja, huku matokeo ya wanafunzi yamo ndani ya mashine iliyozima.

Tunalo pia somo letu wenyewe. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima, na kwa kuwa mawasiliano ni jambo la Muungano, Unguja na Pemba zilizimwa vilevile. Watu walikuwa wakibonyeza *#06# kutazama IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na kuituma kwenda 15090 wajue hatima yao. Soko lilihitaji kusafishwa, sibishi. Ila aliyebaki na simu isiyoshika mtandao mkononi ni mnunuzi, wakati aliyeiuza alikuwa ameshahesabu fedha zake. Kufuli likiwa ndani ya kifaa, gharama humwangukia aliyekishika.

Kwa hiyo mimi nauona ukaguzi wa usalama ni kazi ya bandarini kabla haujawa kazi ya chipu. Viwango vya bidhaa, tofauti na simu, ni mambo ya Zanzibar yenyewe, na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) ipo kwa sheria ya mwaka 2011. Chaja ikipasuliwa na kupimwa inaposhuka bandari ya Malindi hapa Unguja, anayepata hasara ni mwenye kontena, na ndivyo inavyostahili.

Chipu siikatai. Naikataa ikipewa ufunguo wa mlango peke yake. Tangu mwaka 2019 baadhi ya iPhone humwambia mwenyewe kwamba betri haikuthibitika kuwa ya kampuni, kisha simu inaendelea kufanya kazi. Hata njia hiyo imewaumiza mafundi wetu, kwa sababu betri halisi iliyobadilishwa nje ya duka la kampuni nayo ilitiwa doa lilelile. Bado ni afadhali kuliko kukataa. Kwa chaja ningependa hivi: isiyotambulika ipewe volti 5 tu, ichaji polepole, na mwenye simu aambiwe.

Na aambiwe kwa maneno yanayotofautisha. Kifaa kisicho na cheti ni jambo moja, na kifaa kinachotoa umeme unaoruka juu na chini ni jambo jengine kabisa. Hilo la pili simu inaweza kulipima. Onyo la kwanza yule mama wa Darajani angeweza kulipuuza akatumia chaja yake kwa amani. La pili lingemfanya aichomoe saa ileile.