Monet na Bendera za Mtaa wa Montorgueil

Tarehe 30 Juni 1878 jiji la Paris lilipambwa kwa bendera kuadhimisha amani na kazi, Maonyesho ya Kimataifa ya mwaka huo yakiwa yamepamba moto. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alisimulia baadaye kwamba alikuwa akipita mtaa wa Montorgueil na vifaa vyake, akaona roshani, akapanda kuomba ruhusa, akachora. Picha hiyo, ambayo leo imo katika makumbusho ya Orsay, mara nyingi hudhaniwa kuwa ya sikukuu ya 14 Julai, ilhali siku hiyo ilifanywa sikukuu ya taifa mwaka 1880. Kosa hilo lina uzito wake, kwa sababu linaing'oa picha katika mwaka wake, na ubishi wote juu yake unatokana na mwaka huo.

Ufaransa ilikuwa imeshindwa vitani na Prussia, na Mei 1871 majeshi ya serikali yake yenyewe yaliua maelfu ya watu wa Paris katika kuizima Komyuni, utawala wa waasi uliokuwa umelishika jiji. Miaka saba tu baadaye, jamhuri iliyokuwa ndiyo kwanza itoke katika mgogoro wa kisiasa wa 1877 ilihitaji kuonekana imepona. Wanaomlaumu Monet husema kwamba aliipa shamrashamra hiyo brashi yake bila kuuliza inafunika nini.

Ukiisogelea turubai, lawama hiyo inapata nguvu. Montorgueil ni mtaa mkongwe unaoelekea Les Halles, lililokuwa soko kuu la chakula la jiji. Ulijulikana kwa samaki na chaza, na duka la keki la Stohrer, lililoanzishwa mwaka 1730, lingalipo hapo hadi leo. Hayo yote hayaonekani. Kuta zimemezwa na mipigo ya buluu, nyeupe na nyekundu, anga limebanwa juu katikati ya majengo, na umati ni vidoa vyeusi visivyo na sura. Anayetafuta historia ya mtaa huu pichani atatoka mikono mitupu.

Watetezi wake wana jibu, nalo si la kubeza: aliye juu ya roshani, mtaa mwembamba ukifurika watu chini yake na bendera zikipepea, hawezi kuhesabu nyuso, na Monet alichora kile ambacho jicho linapata kwa hakika katika hali hiyo. Furaha ya umati nayo ni tukio la kihistoria, hata kama wakubwa waliihitaji.

Tatizo la utetezi huu ni mchoraji mwenzake, Édouard Manet. Yeye naye alichora bendera za siku hiyohiyo, akiwa dirishani mwa karakana yake juu ya mtaa wa Mosnier, lakini upande wa kushoto akamweka mtu mwenye mguu mmoja, anayedhaniwa kuwa majeruhi wa vita, amevaa buluu, anajikokota kwa magongo kandokando ya uzio wa mahali palipojaa kifusi. Kwa hiyo kuwa juu peke yake si sababu ya kutoona. Ni kweli, kwa haki, kwamba mtaa wa Manet ulikuwa mpya na karibu mtupu, na mtu mmoja huonekana kwa urahisi pasipo na msongamano. Kumdai Monet mlemavu wa vita katikati ya umati ule ni kumwonea.

Ningemwachia Monet utetezi wake wote, lau si picha ya pili aliyoichora siku hiyo, ya mtaa wa Saint-Denis, ambayo sasa iko katika mji wa Rouen. Humo nako watu ni vidoa, lakini kwenye bendera mojawapo maneno “Vive la France” yanasomeka. Brashi iliyokuwa na haraka mno kwa uso wa mtu ilipata nafasi ya kuandika herufi, na hapo wanaomlaumu wana hoja ambayo sijaona ikijibiwa.