Magombera: kinyonga kapata hifadhi, kuni zitatoka wapi?

Kinyonga wa Magombera, msitu ulioko Tanzania, aligunduliwa mdomoni mwa nyoka. Mtafiti Andrew Marshall wa Chuo Kikuu cha York alikuwa porini akifuatilia kima na mbega alipomkurupusha nyoka mwembamba wa mitini. Nyoka akatema windo lake na kutokomea. Windo lenyewe lilikuwa kinyonga mdogo mwenye kipembe puani, na mwaka 2009 akapewa rasmi jina la kisayansi, Kinyongia magomberae.

Miaka kumi baadaye, 2019, msitu wa Magombera katika Bonde la Kilombero ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Mashirika ya uhifadhi yalichanga fedha kulipia sehemu iliyokuwa ndani ya ardhi ya kampuni ya sukari.

Wanaotaka msitu ufungwe kabisa wana hoja nzito. Magombera haufiki hekta 3,000. Uliwahi kuwa msitu wa hifadhi, ukafutiwa hadhi hiyo ili uunganishwe na Pori la Akiba la Selous, na muungano haukufanyika. Kwa miongo kadhaa ukawa kama hauna mwenyewe. Watu wakakata nguzo za kujengea, wakachoma mkaa, huku miwa na mpunga vikisogea ukingoni. Misitu ya bondeni huisha haraka kuliko ya milimani kwa sababu ardhi yake ndiyo inayogombewa na kila mtu, na sasa kiwanda cha sukari kikiwa kimepanuliwa, mkulima wa nje anayekiuzia miwa ana sababu zaidi ya kuongeza shamba.

Upande wa pili nao una hoja ambayo wahifadhi huipita mbiombio. Kinyonga huyuhuyu amepatikana pia Mwanihana, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Kama ana makazi yaliyolindwa tayari, kwa nini mwanakijiji afungiwe Magombera pia? Na hapo ndipo penye uchungu. Udzungwa ilipoanzishwa mwaka 1992, wanawake wa vijiji jirani waliendelea kuruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ikakoma 2011. Maharage hayakuacha kuhitaji moto. Mwenye hela akanunua mkaa, asiye nayo akageukia msitu uliokuwa bado wazi, na Magombera ulikuwa karibu.

Hoja ya Mwanihana hainishawishi sana. Mnyama anayebakizwa sehemu moja yuko hatarini kwa moto mmoja tu, na Magombera haubebi kinyonga peke yake: mbega wekundu wa Udzungwa wamo humo pia. Lakini hoja ya kuni sioni inavyojibika kwa bango na askari wa doria. Mama anayekamatwa na mzigo kichwani leo, kesho atapika nini? Kupanda miti ya kuni kwenye mipaka ya mashamba na kusaidia mitungi ya gesi ni gharama za hifadhi yenyewe, zilipaswa kuwemo kwenye bajeti tangu siku ya tangazo. Kusema utalii utafidia ni matumaini tu. Mgeni hapandi ndege kwa ajili ya kinyonga mwenye urefu wa kiganja.

Wapo wanaopendekeza biashara: wakamatwe vinyonga wachache kwa kibali, wauzwe nje, kijiji kipate mgawo. Serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na tangazo la Juni 2022 la kulegeza zuio lilibatilishwa ndani ya siku chache baada ya kelele za wananchi. Kwa spishi zilizoenea, mjadala huo una maana. Kwa hii, hapana. Usiku kinyonga hupauka, tochi ikimpiga anang'aa juu ya tawi, na wakamataji wachache wanaweza kumaliza kichaka kizima kabla ya alfajiri. Fedha yenyewe hubaki kwa msafirishaji mjini, aliyemulika tochi akaambulia ya vocha.